Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu michezo ya zamani na lugha yake ngumu

Kwa wasionijua, mie nina steshenari ndogo Ngamiani hapa Tanga, natoa kopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti, na Jumamosi usiku tunafunga shuka jeupe uani kwa dada yangu, tunawasha projekta ya kuazima, tunaangalia michezo ya kuigiza ya zamani, hasa ya Shakespeare, yule mwandishi wa Kingereza wa miaka 400 iliyopita, na muvi zilizotokana nayo. Nikisema tamthilia simaanishi zile za Kituruki, hizo dada anaangalia ndani kwake na hataki kusumbuliwa. Tulianza watu wanne, sasaivi mkeka hautoshi, na kila anayekuja mara ya kwanza anauliza yale yale, basi nimeyaandika hapa ili niwe naelekeza tu.

Kingereza changu ni cha kuombea maji, kwa Shakespeare ntaambulia nini?

Utaambulia kingi tu, ila usianze na maneno, anza na hadithi. Tafuta mtu akuhadithie mchezo wote mpaka mwisho, nani anamsaliti nani, nani anakufa, ndio uangalie. Najua wengi hamtaki kuhadithiwa mwisho, mnasema utamu unaisha, lakini hii michezo haikuandikwa kwa kuficha ficha. Romeo and Juliet inaanza na mtu anasimama jukwaani anakwambia wazi kwamba hawa wapenzi wawili watakufa, ndipo mambo yanaanza. Watu wa London walikuwa wanalipa kuona watakufaje, siyo kama watakufa. Ukishaijua hadithi kichwa kinaacha kuhangaika na "hapa kimetokea nini" kinabaki kusikiliza "huyu analisemaje", na hapo ndipo penye raha yenyewe.

Na mtu wa Tanga asiniambie hawezi kufurahia kitu asichokijua lugha yake. Bibi zetu wameangalia muvi za Kihindi miaka na miaka, Kihindi hawajui hata cha kununulia chumvi, na walikuwa wanatoka sinema macho mekundu.

Mbona dakika kumi za mwanzo sishiki kitu kabisa, ndio ujinga huu?

Hamna anayeshika. Mie mpaka leo dakika kumi za kwanza zinanipita, ni kama umetoka juani saa saba mchana ukaingia chumbani, huoni hata kitanda kilipo, ukitulia kidogo unaanza kukiona. Kosa kubwa ni kusimamisha. Mtu anasimamisha muvi kila neno anatafuta kwenye simu, akifika nusu saa amechoka na anasema Shakespeare mgumu, kumbe amechoshwa na simu. Acha yapite. Mbona kwenye taarab tunaacha yapite? Enzi za Black Star na Lucky Star hapa hapa Tanga watu walikuwa wanainuka kwenda kutunza kwa ubeti ambao fumbo lake hawajui linamhusu nani, wanajua tu kuna mtu limempata.

Halafu lugha ya zamani unaisema kila siku ila hujijui. "Tanga, waja leo waondoka leo." Hiyo "waja" mtu wa bara anaishangaa, yeye anasema unakuja, unaondoka, na wewe ukimuuliza "waenda wapi" anadhani unaghani tenzi. Hujaghani chochote, umeuliza tu anakokwenda. Na watu wa Shakespeare hawakuwa wanaghani, ndivyo walivyokuwa wanaongea, kwa kupamba kidogo, sawa, lakini mtu wa wakati ule aliyesimama pale chini kwa peni moja hakwenda na kamusi.

Hizi thou na thee na thy ni nini?

Ni wewe, wewe, na yako. Basi, ukijua hivyo umemaliza nusu ya ugumu.

Lakini kuna utamu umejificha hapo. Wakati ule walikuwa na "wewe" mbili. Hiyo thou ni ya mtu wa karibu, mtoto, mtumishi, mpenzi, Mungu, au mtu uliyemkasirikia ukamshusha. Nyingine, you, ni ya mkubwa au mtu unayemuwekea adabu. Sisi hatuna wewe mbili ila tuna shikamoo, na tunajua kabisa mtu akiacha kuitoa kuna jambo. Sasa angalia kwenye Hamlet, kijana anaitwa chumbani kwa mama yake. Mama anaanza na thou, kama anayesema mwanangu umemuudhi sana baba yako, anamaanisha baba wa kambo. Kijana anamrudishia sentensi ile ile lakini kwa you, mama wewe ndiye umemuudhi baba yangu, anamaanisha marehemu. Mama akisikia hivyo na yeye anahamia kwenye you. Umeona? Ni kama mama anakuita mwanangu mwanangu halafu ghafla anakuita jina lako lote mpaka la babu. Tafsiri haiwezi kukuonyesha hiyo, lazima sikio lako liidake lenyewe, na ukishaidaka mara moja utaiwinda kila mchezo.

Kuna maneno nadhani nayajua kumbe siyo. Nifanyeje?

Hayo ndio hatari kuliko usiyoyajua. Usilolijua unaliruka, unalodhani unalijua linakupeleka porini. Maarufu kuliko yote ni lile la Juliet yuko juu anamwita Romeo na kusema wherefore, dunia nzima wanadhani anauliza Romeo uko wapi, hata wachekeshaji wanaigiza hivyo mkono juu ya macho wanatafuta. Anauliza kwanini. Kwanini wewe uwe Romeo, yani kwanini katika majina yote uwe na jina la ukoo tulio na uadui nao. Ukijua hivyo maneno yote yanayofuata kuhusu jina na ua yanaeleweka, usipojua unabaki kujiuliza kwanini anatafuta mtu halafu anaanza kuongelea maua.

Sisi wenyewe tunalo la kwetu na napenda sana kulitolea mfano. Mwalimu Nyerere alitafsiri The Merchant of Venice mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Wanafunzi wanaokuja kutoa kopi wananicheka, wanasema Mzee aliingiza siasa, mbona hakuandika wafanyabiashara. Jibu langu ni ndio na hapana. Bepari zamani pwani hii ilikuwa ni mfanyabiashara tu, mwenye duka, neno lilikuja na Wahindi wenyewe, na kamusi za wakoloni zimelitafsiri hivyo hivyo bila ubaya wowote. Kisha likaja Azimio la Arusha 1967 na bepari akageuka mnyonyaji. Kwa hiyo mwaka 1969 ukiweka neno hilo kwenye jalada, mzee wa Chumbageni anasoma mfanyabiashara, kijana wa TANU anasoma mnyonyaji, na mchezo wenyewe unahusu mtu anayedai ratili ya nyama ya mwenzake kwa sababu ya deni! Siwezi kukuapia Mzee alikuwa anawaza nini ila mtu aliyekijua Kiswahili kama yule hakuliokota neno njiani. Na limegeuka ndani ya umri wa mtu mmoja. Sasa maneno ya Shakespeare yana miaka 400, utashangaa nini yakikugeuka?

Kwani kwa Kiswahili vipo? Si nisome hivyo yaishe?

Vipo na ni vizuri. Nyerere huyo huyo alitoa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, tena yuko Ikulu, akaja kuirekebisha ikatoka 1969 kama Juliasi Kaizari. Samuel Mushi ametafsiri Makbeth, 1968, na Tufani, yani The Tempest, 1969. Ukiingia maduka ya vitabu vya shule utahangaika kuvipata, jaribu maktaba ya mkoa au kwa walimu wastaafu, wale ndio wenye makabati.

Ila "yaishe" hayaishi. Kiswahili cha vitabu hivyo nacho kimeshakuwa cha zamani, kijana wa kidato cha tatu akikifungua anakunja uso vile vile. Si wanamsoma hata Shaaban Robert wanalalamika, mtu aliyezaliwa Vibambani hapo mwaka 1909 na kufariki 1962, babu zetu wamemwona kwa macho, na wajukuu wanasema lugha yake ngumu. Sasa mie huwa nafanya hivi, naweka Kiswahili cha Nyerere mapajani na muvi ukutani, siyo kwa kufuatisha mstari kwa mstari, nikipotea nachungulia.

Na msidhani Shakespeare wa Kiswahili ni wa kwenye karatasi tu. Mwaka 2012 kule London kwenye jukwaa la Globe walialika michezo 37 kwa lugha 37, na Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, waigizaji wa Kenya wakaenda nayo kama Wanawake wa Heri wa Windsa. Wenye Kingereza chao ndio siku hiyo walikaa wakabahatisha maana, nasi tunacheka kabla yao. Natamani ningekuwepo.

Nianze kitabu au muvi?

Muvi, au jukwaa kama unalo. Kitabu baadaye. Mwenyewe Shakespeare hakuhangaika sana na vitabu, alikufa 1616 na mkusanyo wa michezo yake umetoka 1623, michezo 36, na nusu yake, 18, ilikuwa haijawahi kuchapwa popote. Maana yake watu walikuwa wanaisikia miaka yote hiyo, hawaisomi. Kusoma tamthilia bila kuiona ni kama kusoma risipi ya pilau.

Muvi ipi ya kwanza? Taja kabisa.

Nianze na kosa langu. Siku ya kwanza kabisa niliweka Hamlet ya Kenneth Branagh ya 1996 kwa sababu nilisikia hajaacha hata neno. Kweli hajaacha, inakwenda masaa manne. Nimeanza saa tatu usiku, saa sita nikageuka nyuma tumebaki mie na mwenye projekta, na yeye kabaki kwa ajili ya projekta. Msifanye hivyo.

Kwa watu wa hapa naanza na Wahindi, na sibahatishi, nimeshajaribu. Vishal Bhardwaj ametengeneza tatu, Maqbool ya 2003 ndio Macbeth, Omkara ya 2006 ndio Othello, Haider ya 2014 ndio Hamlet kaipeleka Kashmir. Maqbool imehamia kwa majambazi wa Mumbai, na wale wachawi watatu wa Macbeth wamekuwa polisi wawili wanaobashiri nyota na kuchochea watu wauane, uani kwetu hakuna aliyeuliza swali. Omkara ndio balaa. Kwenye Othello leso ya mke inaibwa, inaonekana kwa mwanaume mwingine, mume anachanganyikiwa. Wazungu wengi wanajiuliza leso tu jamani mtu aue? Bhardwaj kaitoa leso kaweka mkanda wa vito wa kiunoni. Hapo wanawake walishika vichwa wote kwa pamoja, kitu cha kiunoni cha mke wa mtu kimefikaje kwa mwanaume mwingine, hiyo haihitaji sabtaito.

Baada ya hapo Romeo + Juliet ya Baz Luhrmann, 1996, DiCaprio akiwa kijana mbichi. Maneno ni yale yale ya zamani lakini wana mashati ya maua na magari, na bastola zimeandikwa Sword ubavuni ili wakisema upanga usishtuke. Ukishaizoea, rudi ile ya Zeffirelli ya 1968, ina nguo za zamani na ni taratibu, mie naipenda zaidi ila peke yangu. Kisha Julius Caesar ya 1953 na Marlon Brando, nyeusi na nyeupe, kwa sababu ya hotuba moja tu ambayo nakuja nayo.

Lakini ikihamishwa India au Marekani si wameiharibu?

Hapana. Akira Kurosawa mwaka 1957 ameichukua Macbeth akaipeleka kwa wapiganaji wa Kijapani, ndani hamna hata mstari mmoja wa Shakespeare, na watu wanaojua wanaihesabu kati ya Macbeth bora zilizowahi kutengenezwa. Shakespeare mwenyewe hadithi nyingi kaziokota kwa wenzake. Inayoharibu ni ile inayoona aibu maneno, wanayanong'ona haraka haraka kama mtu anayepitisha kitu cha magendo.

Hotuba ndefu zinanichosha. Zinasaidia nini?

Inategemea umezipokeaje. Chukua hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari. Ukiisoma kama hotuba ya mgeni rasmi utasinzia. Isikilize kama mpasho. Waliomuua Kaizari, akiwemo Brutus, wamemruhusu aongee kwa sharti asiwaseme vibaya, sawa, hawasemi vibaya! Kila akitaja ubaya anamalizia kwamba lakini Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza unaamini, mara ya pili unaguna, mara ya tatu hilo neno heshima limeshakuwa tusi na hajabadilisha hata herufi. Halafu anawaonyesha vazi lenye matundu ya visu, anawatajia wasia wa marehemu anajifanya hataki kuusoma mpaka wamlazimishe, anasoma, kila raia ana drakma 75. Umati ukitoka hapo ni moto mtupu, wanamkamata mshairi wa watu ana jina sawa na la muuaji mmoja, anawaambia jamani mie Cinna mshairi siyo yule Cinna, wanasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya. (Wapo watunzi hapa mjini nilipofika hapo walicheka kicheko cha wasiwasi.)

Kwa hiyo hotuba ndefu iulize kitu kimoja, huyu anamtaka nani afanye nini? Ukilijua hilo huchoki.

Mashairi yenyewe yanakwenda kwa mizani kama yetu?

Mizani ipo lakini haifanani. Shairi letu lina 16, nane kwa nane, tenzi nane, na vina unavisubiri mwisho. Wao mstari ni mizani 10, dhaifu-nzito dhaifu-nzito kama mapigo ya moyo, na mara nyingi hamna vina kabisa. Linalotuponza sisi ni mazoea, tunapumzika mwisho wa mstari kwa sababu tumezoea kituo. Kwake sentensi inavuka mstari inaendelea ng'ambo, ukipumzika mwishoni unaikata katikati na maana inamwagika. Fuata nukta na mkato, achana na ukingo. Na soma kwa sauti, hata kama majirani watauliza una nini.

Kitu kingine, wakubwa mara nyingi wanaongea kwa mizani na walevi, walinzi na watumishi kwa maneno ya kawaida. Mkubwa akiacha mizani ghafla ujue ama amevurugwa au anajifanya.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani, naelewa kila neno na sielewi kitu. Hiyo inakuwaje?

Hili ndio swali bora nililowahi kuulizwa, na aliniuliza binti wa kidato cha sita amekuja kubandua na kubandika picha za paspoti. Kwa sababu linaonyesha ugumu siyo lazima uwe kwenye maneno. Mashetani, 1971, ina Kiswahili ambacho hata mtoto anakifuata, Juma na Kitaru ni vijana wanacheza chini ya mbuyu, mmoja shetani mmoja binadamu, na kumbe chini yake kuna habari ya Mapinduzi, ukoo uliopoteza, ukoo unaopanda, na nani sasa amekuwa shetani wa nani. Kamusi haitakusaidia hapo. Nilimwambia asome mara moja bila kutafuta alama, kisha ajiulize nani ana gari, nani ana nyumba, nani alikuwa nayo zamani. Alirudi wiki iliyofuata kunionyesha ameandika kurasa sita.

Kinjeketile yake, 1969, ni rahisi kuingia kwa sababu hadithi ya Majimaji tunaijua, na mwisho wake, pale anapotakiwa aseme maji ni uongo na anakataa, ni mzito kama chochote cha Shakespeare, sioni haya kusema hivyo.

Sabtaito niweke?

Za Kingereza, ndio, mara ya kwanza. Mara ya pili zima, macho yarudi kwenye nyuso. Wazee wanataka mtu wa kuwatafsiria juu kwa juu kama enzi za Lufufu kwenye vibanda umiza, na tumejaribu, kijana wetu mmoja alimfanya Macbeth aongee Kidigo. Haikuwa Shakespeare lakini hakuna aliyeondoka.

Jukwaa la kweli nitaliona wapi, siyo ukutani kwa dada yako?

Bagamoyo, TaSUBa, ndio kile kilichokuwa Chuo cha Sanaa toka 1981, wana jukwaa na kila mwaka wana tamasha. Siyo kwamba utakuta Shakespeare, mara nyingi utakuta ngoma na maigizo ya kwetu, lakini sikio la jukwaa linazoezwa hivyo hivyo, mtu akiongea mbele yako bila kamera.

Naweza kuja na mtoto?

Usiku wa Macbeth hapana, kuna damu na kuna mtoto anauawa. Tufani sawa. Na uje na mto wako wa kukalia, ya dada imebaki miwili.